Sigara Isiyo na Moto

Kwa kunusa moshi, Tunduma nzima hakuna wa kunishinda. Maharage yangu tu ndiyo huungua nikiwa nimekaa mbele yake.

Basi pua tuiweke pembeni. Kilichowashinda watu kule Mbozi kilikuwa kipisi cha sigara. Kiliokotwa nyuma ya banda la kahawa la mama Ferista, mchana uleule banda lilipoteketea, watu wakiwa bado wameshika ndoo. Upande wa kichungi ulikuwa mkavu. Upande ulioungua ulikuwa umelowa.

"Maji ya kuzimia moto hayo," walisema.

"Maji gani yanayochagua upande?" aliuliza Sadoki, mkwe wa Ferista.

Wakamnyooshea kidole yeye. Siku hiyo alikuwa amekwenda ukweni kusalimia, na pale nyumbani mvutaji aliyejulikana ni yeye peke yake. Kahawa ya msimu mzima ikawa majivu, na mkewe Priska akazuiwa kwa mama yake. Ferista akatoa sharti mbele ya wazee wa kanisa: "Binti yangu harudi kwa mtu anayetembea na moto mdomoni."

Ndiyo maana sasa Sadoki alikuwa dukani kwa Makame, karibu na mpaka. Mwaka ule sigara za umeme ndiyo kwanza zilianza kuonekana Tunduma, zikija sanduku moja na redio na chaja. Ferista mwenyewe alishuka kutoka Mbozi kuja kuikagua ile ambayo mkwe angenunua badala ya za kiberiti. Priska alikaa kwenye benchi la nje, kifurushi cha nguo mapajani, akingoja kujua ataondoka na nani.

Sadoki alisimama ameielekea rafu, mgongo kwa watu. Hakikuwa kiburi. Kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hawasemeshani ovyo. Maneno yote yakawa yanapitia kwa Makame, Mpemba wa watu, kama mizigo inavyopitia forodhani.

"Muulize huyo," alisema Ferista, "hicho kidude kinawakaje bila kiberiti?"

"Huyo hajui, mama. Niulize mie." Makame akapanga vichupa vitatu juu ya meza ya kioo. "Hii ndefu ni betri, na huku mbele ina taa ndogo. Nyuma unafunga kichupa chenye maji ya tumbaku, na huko ndiko unakovutia. Ndani ya kichupa mna koili, waya uliosokotwa. Ukivuta, waya unapata joto, maji yanageuka mvuke. Sasa, koili hazifanani. Hii ya kwanza imezungushiwa pamba."

"Pamba itakauka," alisema Ferista. "Akivuta mfululizo atameza harufu ya kitambaa kilichoungua."

Makame akamtazama. "Kweli kabisa. Hii ya pili koili yake iko juu, nyuzi zinaning'inia majini kama utambi wa kibatari."

"Maji yakipungua utambi hauyafikii. Atakuwa anaiinamisha kila saa kama anayenywesha ndama. Ya tatu?"

"Koili iko chini kabisa, imekaa majini. Haikauki mpaka tone la mwisho. Moshi wake baridi, laini."

"Laini!" Ferista akasonya. "Mvutaji anataka kimkwaruze kooni kidogo. Ukimpa laini, si atarudia zile za kiberiti kwa siri?"

"Mama, wewe ningekuachia duka hili nikaenda kulala."

"Nimezaa binti, akaniletea mvutaji. Nitaacha kujua?" Akagusa beji ya kina mama wa kanisa kifuani pake. "Ila mimi, sigara haijagusa midomo hii tangu nizaliwe."

"Mwambie mama achague yeye," Sadoki aliiambia rafu. "Yoyote. Hata ya kitambaa kilichoungua. Nataka mke wangu arudi nyumbani tu."

Kule nje Priska aliacha kuchezea fundo la kifurushi.

Makame akafunga kichupa cha tatu kwenye betri, akavuta. Taa ya mbele ikawaka, nyekundu kama kaa. Akaufuta upande wa kuvutia kwa kitambaa, akampa Ferista upande huohuo ukimwelekea.

"Jaribu, mama. Ukikuta moto humo, binti asitoke."

"Mimi tena?"

"Sasa utawaambia nini wazee? Kwamba umesikia kwa Makame?"

Ferista akatupa jicho mlangoni. Malori yalikuwa yamepanga foleni kwenda Zambia. Wa kanisani hakuwapo. Akaipokea kwa vidole viwili, na vidole vikaigeuza vyenyewe, upesi, bila yeye kuviangalia. Ikaingia. Midomo ikafumba, mashavu yakabonyea, macho yakalegea kidogo.

Alipoitoa alikuwa na uso wa mtu aliyeridhika.

"Kweli haina moto," alisema. "Ulimi hausikii chochote. Mwambie achukue mkewe."

Makame aliipokea aifute, kitambaa kikaishia hewani. Upande wa kuvutia ulikuwa mkavu. Upande wa taa ulikuwa umelowa.

"Mama," alisema polepole, "mbona umevutia kwenye moto?"

Sadoki, ambaye tangu aoe hajawahi kumtazama mama mkwe usoni, akageuka, akamtazama.