Taa Sita za Tochi

Dereva Tochi alikuwa amefunga taa sita kubwa mbele ya lori lake, na alijigamba kwamba akiziwasha, majogoo wa mitaa mitatu huwika. Usiku ule aliziwasha zote, akamfuata bintiye. Binti alikuwa amebeba begi kwenda stendi, baada ya baba kumfukuza kwa maneno ambayo sasa aliyajutia.

Karibu na stendi, ukungu ulimzibia njia kama shuka lililoanikwa. Akasimamisha lori, akangoja upungue.

Mlinzi wa stendi akaja kugonga mlango.

"Mzee, zima hayo majua yako! Ukungu wenyewe si mzito hivyo. Ni mwanga wako unaokurudia usoni."

"Nikizima nitaona nini?"

"Zima kwanza, tubishane baadaye."

Akazima. Ukungu ukabaki mwepesi kama mvuke wa chai. Hatua ishirini mbele, basi lilikuwa linaanza kuondoka, na kwenye dirisha lenye taa aliketi bintiye, akitazama upande wa lori. Alikuwa akiziona zile taa muda wote, akingoja baba ashuke.

Tochi akampungia mkono, kwa nguvu zake zote, kutoka gizani.