Diski Mpya ya Mama Immaculée

"Usipanguse vumbi," Mama Immaculée akasema. "Iache vile iko."

Gordien akarudisha kitambaa mfukoni. Tangu afungue kibanda chake cha kutengeneza simu na kompyuta hapa mjini Baraka, hajawahi kuona mteja anayekataa kufutiwa vumbi bure. Lakini Mama Immaculée alianza vituko tangu mlangoni. Kompyuta ya mumewe aliileta kichwani, ndani ya beseni, imefungwa plastiki mara tatu na kufunikwa ndakala wakavu, wale dagaa wa ziwani.

Mumewe alijulikana na kila mtu. Ndiye Anatole, prezida wa chama cha wakulima wa Lweba. Ndani ya kompyuta yake mlikuwa na picha za mikataba ya mashamba ya familia themanini, za wenyeji na za wakimbizi kutoka Burundi. Makaratasi yenyewe yalioza mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia ofisini. Na kesho asubuhi palikuwa na mkutano: tajiri mmoja wa Uvira alitaka kununua ukanda wote wa ufuoni. Atakayeonyesha mkataba atabaki na shamba lake. Asiye nao atafute pengine.

Gordien hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mkataba mmoja ulikuwa wa mama yake.

"Wiki mbili hii bwana yangu eko anaambia bantu bote disque inaenda kufa," Mama Immaculée akasema. Akaweka mezani diski mpya, ile aina isiyozunguka, nyembamba kama biskuti. "Niliagizia hii Uvira. Unihamishie yote, système na mafichier ya mikataba, mbele ya saa kumi. Eko Fizi, saa kumi anarudia."

"Yeye anajua?"

"Apana. Na asijue."

Gordien akatabasamu. Kumbe bado wako wanawake wa kuwapangia waume zao zawadi za siri! Akafungua skrubu za chini, mama akizihesabu kwa kidole moja moja. Akaipima diski ya zamani, akatega sikio. Haikukwaruza, wala haikugonga.

"Mama, hii disque haigonjwe. Iko muzee tu."

"We hamisha tu, mutoto yangu."

Watu wa ofisi bwana, akawaza. Kompyuta ikichelewa kuwaka kidogo, wao wameshaichimbia kaburi.

Akaiunganisha diski mpya kwa waya, akawasha kompyuta kwa flashi yake. Kwenye skrini zikatokea diski mbili, na hapa ndipo mafundi wengi walipolia. Ukizikosea, ile tupu inamwagwa juu ya ile iliyojaa, na familia themanini zinafutika kabla hujakohoa. Akasoma majina ya diski hizo mara tatu. Akajifuta jasho. Akabonyeza.

Ilikuwa saa saba na nusu.

Asilimia kumi. Ishirini na tano. Wingu zito likashuka kutoka milima ya Minembwe, na taa ya betri za sola ikageuka nyekundu. Betri ya kompyuta yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Umeme ungekatika, mambo yangeanza upya, na muda wa kuanza upya haukuwepo. Gordien akazima redio. Akazima feni. Kisha, roho ikimuuma, akachomoa simu zote za wateja zilizokuwa zikichajiwa ukutani, thelathini na kitu. Watamtukana jioni. Na watukane.

Asilimia sitini na moja, simu ya mama ikalia. Akaipokea huku amesimama.

"Niko soko," akasema, sauti imenyooka kabisa. "Natafuta mafuta... Ushatoka Fizi?... Muzuri. Uende polepole, barabara iko na matope." Akakata. Akamgeukia Gordien. "Anakuya mapema. Fanya mbio."

"Mi sina namna ya kuisukuma, mama!"

Wakabaki wawili hao wakiitazama namba. Themanini. Themanini na nane. Kila pikipiki iliyopita, mama aligeuka mlangoni. Tisini na tisa ikakaa hapohapo, ikakaa, mpaka Gordien akajikuta anaomba Mungu kwa Kirundi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni.

Mia.

Akaitoa diski ya zamani, akaiweka mpya, akawasha. Kompyuta iliyozoea kuwaka dakika tano ikawaka kwa sekunde kumi na mbili. Mama akaandika neno la siri bila kusita. Gordien akafungua kabrasha la mikataba, akashuka mpaka herufi N. Nzohabonayo Suzanne. Chini ya jina, alama ya dole gumba la mama yake. Akaigusa alama ile kwa kidole.

"Imeisha, mama," akasema. "Yote iko mule, hakuna hata moja yenye ilibakia." Akashika skrubu ya kwanza.

"Sasa itoshe."

"Nini?"

"Hiyo mupya, itoshe, uitoe mule. Urudishe ile ya zamani mahali yake, ufunge maskrubu vile ilikuwa."

Gordien akadhani hakusikia vizuri. Lakini mama alikuwa tayari amenyoosha mkono, na macho yake hayakuwa ya mtu anayetania. Akafanya alivyoagizwa, akampa diski mpya kiganjani.

"Kesho, mbele ya bantu bote, Anatole atasimama aseme disque ilikufa na mikataba yote, sababu ule tajiri alishamulipa," Mama Immaculée akasema. "Nataka aseme kwanza."