Riwaya ya Wasomaji Sita

Malkia avuke mto au asivuke? Lakiri aliuma ncha ya kalamu, akaamua avuke. Akaandika: "Ndugu wasomaji, pale malkia alipovuka mto, machozi yalinitoka." Akaikunja barua, akaichomeka chini ya kamba ya kifurushi, akakipima. Kilo mbili kamili, kama kawaida.

Ilisemekana ndani mlikuwa na riwaya ya kihistoria ya kurasa mia sita, na Lakiri hakuwahi kuifungua hata siku moja.

Alikuwa karani pekee wa tawi dogo la posta: kaunta moja, mizani moja na dirisha lililogoma kufunga. Watu walimpachika jina hilo kwa sababu bado alifunga vifurushi kizamani, kwa kamba na tone la lakiri, nta nyekundu ya kuyeyusha, juu ya fundo. Tatizo ni kwamba vifurushi vyenyewe vilikuwa adimu kama maziwa ya kuku, na makao makuu yalishatoa amri: tawi likimaliza miezi mitatu bila kupitisha kifurushi hata kimoja cha rejista, linafungwa. Lakiri alibakiza miaka minne astaafu, na kazi nyingine hakuijua.

Ndipo ilipokuja barua ya mtu aliyejiita Katibu wa Wasomaji. Nakala moja ya riwaya, wasomaji sita, miji sita. Kila mmoja akae nayo wiki mbili, aandike maoni yake, kisha amtumie mwenzake kwa rejista. Lakiri alipiga hesabu kwa vidole: wiki mbili mara sita, miezi mitatu haijatimia. Alijiandikisha kabla chai yake haijapoa.

Kusoma hakukuwemo katika mpango. Kifurushi kikifika alikiweka rafuni, na siku ya kumi na nne akabandika anwani mpya juu ya ile ya zamani.

"Si uisome tu, mume wangu?" mkewe alimwuliza. "Unadanganya watu mchana kweupe. Na njia ya mwongo ni fupi."

"Kurasa mia sita! Mimi niliajiriwa kugonga mihuri."

Lakini nafsi ilimsuta. Wenzake walikuwa wasomaji hasa. Kila raundi lakiri ya kwenye fundo ilikuja mpya, ishara kwamba wao walikuwa wakifungua. Alipobuni kifo cha jemadari, msomaji wa mji wa pili alijibu kwamba hajapata usingizi tangu jemadari afe. Alipobuni mapacha wa malkia, watatu waliwapenda mapacha. Raundi ya kwanza ilipoisha walikubaliana kwa kauli moja kurudia, maana kitabu kizuri hakisomwi mara moja. Ya pili ikaisha, wakakubaliana tena.

Sasa ilikuwa raundi ya tatu. Jumatatu hiyo hiyo ya malkia, saa nne asubuhi, mlango ulifunguliwa akaingia Mkaguzi wa Matawi, mama mrefu mwenye mkoba mweusi. Mwaka uliopita alikuwa na matawi arobaini ya kukagua. Yalibaki tisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia tawi hili linaishi kwa kitabu."

"Ni riwaya, mama. Ya kihistoria."

"Napenda sana historia. Hebu niambie, malkia anaishia wapi?"

"Anavuka mto."

"Halafu?"

"Halafu... anarudi."

Mkaguzi aliweka mkoba juu ya kaunta. "Lete hicho kifurushi."

Lakiri alikileta. Aibu angeivumilia. Tawi ndilo lililomuuma, na ule mlango aliokuwa akiufungua kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita.

"Mama, nasema kweli. Sijawahi kuisoma. Nifukuze mimi, tawi uliache. Na wale watano hawana kosa lolote, wao wanasoma."

"Fungua, bwana karani."

Kwa mara ya kwanza aliivunja lakiri ya mwenzake. Akafungua kamba, akafungua karatasi ya kaki, akafungua nyingine. Ndani hamkuwa na malkia wala mto. Kulikuwa na vitabu vya fomu za rejista, vitupu, vimeunganishwa kwa gundi mpaka vikatimia kilo mbili. Juu yake ililala karatasi moja yenye mihuri: mitano ya mviringo, ya posta za miji mitano, na juu ya yote mmoja wa pembe nne, wa Ofisi ya Mkaguzi wa Matawi, na chini yake saini ya Katibu wa Wasomaji.

"Raundi ya tatu hii, muhuri wako hatuuoni," mama alisema, akimsogezea pedi ya wino. "Tulishaanza kuogopa kwamba wewe unakisoma kweli."