Kamba ya Jirani

Theluji ilipoufunika mji hadi madirishani, watu walifunga kamba kutoka mlango hadi mlango. Kila asubuhi mtu aliivuta kamba yake, na jirani akaivuta kujibu kwamba yu hai.

Asubuhi moja Damari alivuta, akavuta tena. Kwa jirani yake, mzee Obadia, kulikuwa kimya.

"Labda bado amelala," mumewe alisema.

"Na kama hakuamka?"

Damari alichukua sepetu, akamwomba Mungu nguvu za kufika tu, akaanza kuchimba njia akiifuata kamba.

Alimkuta mzee ameketi kando ya jiko lililozimika, kamba imelala miguuni pake.

"Shikamoo, baba. Mbona hujibu? Umeniweka roho juu!"

"Marahaba. Nimechoka, binti yangu. Navuta leo, navuta kesho, na theluji iko palepale. Wewe huchoki?"

Damari alitazama viganja vyake vilivyochubuka. "Nimechoka sana, baba. Lakini ukikaa kimya, itanibidi nichimbe tena."

Mzee alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Damari akamwashia moto, akamfunga kamba mkononi, akarudi kwake.

Kesho yake alivuta, akasubiri. Tone la maji ya theluji iliyoanza kuyeyuka lilidondoka kutoka paani likaangukia kamba, kisha jingine. Kamba ikatikisika, naye hakujua kama ni maji au ni mkono wa mzee. Akaishika kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akingoja ivutwe tena.