Karibu na Nyumbani

Wakhungu aliweka kidole kwenye picha ya bahari. Miaka sabini na tisa ameoga ziwani hapa Kisumu, na bahari hajapata kuiona.

"Hoteli hii ya Mombasa haina ngazi, Mzee," alisema binti wa ofisi ya safari. "Wageni wake ni watu wazima kama wewe. Hakuna haraka, hata chai unaletewa kitandani."

Mwanawe wa kiume, aliyeketi kando yake, akacheka. "Tuandikie ile ya Kakamega, dada. Nayo ni tulivu."

"Lakini Mzee amependa hii."

"Akifia huko, tutasafirisha maiti siku nzima. Kutoka Kakamega hadi nyumbani Malava ni hapo tu."

Ukucha mnene wa Wakhungu ulikwaruza karatasi.

"Basi nikifa, nizikeni huko huko."

Kwao Malava, mwanamume mwenye watoto hazikwi ugenini.

"Umesikia?" mwanawe alimwambia binti kwa upole. "Akili zimeanza kumtoka."

Binti alimwinamia Wakhungu, akapaza sauti kama anayembembeleza mtoto.

"Babu! Kakamega kuna tumbili wengi! Utafurahi!"