Mmarekani wa Mwanamkasi

Sheria ilitaka kila mgeni afanane na jinsi watu wa kwao wanavyodhaniwa kuwa. Asiyefanana anarudishwa kwao. Siku ya ukaguzi, Mwanamkasi alimbembeleza mumewe Travis, Mmarekani mpole aliyemwamkia hata muuza mkaa.

"Baba Zuhura, leo piga kelele, usije ukaniacha mjane wa mtu aliye hai!"

Mkaguzi alipoingia, Travis alipandisha viatu mezani, akamwita mama mkwe "Kidawa!" kama rika lake, akacheka mpaka kuku wakakimbia.

"Huyu ndiye Mmarekani," mkaguzi alisema, akagonga muhuri, akaondoka.

"Haya, mume wangu, shusha miguu. Tumewaweza!"

Travis hakushusha. "Niache, mama Zuhura. Miaka saba nimejibana, leo ndiyo nimepumzika."

"Kwani yule aliyenioa alikuwa nani?"

"Nilimwigiza vizuri, eh?" alijibu, akitabasamu meno yote nje.