Mlio wa Tatu

Mlio wa kwanza ulikuja, tak. Wa pili ukafuata. Ndung'u alitega masikio kungoja wa tatu, na haukuja.

Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mlangoni mwa gereji yake pale Ruiru, blanketi magotini. Mwili wote ulikuwa umemsusia. Ulimwachia macho, kidole kimoja, na masikio yale yale ya fundi.

Mbele yake bintiye Wangechi alikuwa akisukuma konvata ndani ya giaboksi iliyolala sakafuni; konvata ni lile pipa la chuma linalopeleka nguvu za injini kwenye giaboksi. Ni Ndung'u aliyemfundisha: zungusha, sukuma, sikiliza. Lazima ilie mara tatu. Ikilia mbili, bado haijakaa, na ukiilazimisha kwa bolti, pampu inapasuka humo ndani na gari haliendi popote. Wangechi hakuwahi kukosea tangu avae ovaroli.

Asubuhi Gachau, kitinda mimba wa Ndung'u, alikuwa amepapasa paa jipya la gari, lililowekwa baada ya Ndung'u kupinduka na gari hilo, rangi bado inanukia. "Jumapili ni mbio za magari Thika, Baba! Nitaipeleka vile ulikuwa unaipeleka." Kisha akatoka mbio kwenda Kamakis kutafuta oili. Ndung'u alijawa na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu.

Sasa Wangechi alipandisha giaboksi kwa jeki hadi kwenye injini. Ikabaki nafasi ya upana wa kidole kati yake na injini. Fundi yeyote angeishusha aanze upya. Wangechi akachukua bolti.

Ndung'u aligonga chuma cha kiti kwa kidole chake. Mara tatu. Akapumzika, akagonga tena tatu. Alijaribu kuita, ikatoka pumzi tupu. Aliwaza wenzake Gachau wakiunguruma kule Thika, na kijana wake akikanyaga mafuta bure, gari halisongi hata shubiri, watu wanacheka. Na yeye anajua kosa liko wapi, na hana la kufanya! Uchungu ulimzidi. Machozi yakamtoka.

"Woi, Baba, kwani ni baridi?" Wangechi aliacha kazi, akaja kumfunika vizuri.

Ndung'u alikodolea macho ile nafasi ya kidole. Akagonga. Tatu.

Binti alikitazama kile kidole. Akapiga magoti, akampangusa machozi kwa mkono wa ovaroli, sehemu isiyokuwa na grisi.

"Nimesikia, Baba," alisema taratibu. "Imelia mbili."

Akarudi kwenye gari, akashika spana, akaanza kukaza bolti.

"Hii gari ilikuchukua wewe. Gachau haimpati."